Docteur Boîte na Gari ya Bibi Arusi

Leo nimekula haya mpaka nimeshiba.

Msiulize haya gani. Nimeona bora muisikie kwangu mwenyewe, ninyi wote wa promotion yetu ya shule, mlio Kampala, Nairobi, Kisangani na Goma, kabla hamjaisikia kwa wengine ikiwa imeongezwa chumvi. Niko Beni, ndani ya cyber. Suti yangu imejaa grisi, na mwenye mashine amenitandikia gazeti juu ya kiti nisimchafulie. Karamu ya arusi inaendelea ng'ambo ya barabara. Naisikia ngoma. Mimi nimetoroka kidogo.

Tuanze asubuhi.

Mnajua mimi ni nani kule Butembo. (Kama mmesahau, nitawakumbusha kwa furaha.) Mimi njo Docteur Boîte. Ile boîte ya vitesse, sanduku la gia, mimi naisikiliza sawa padiri anavyosikiliza dhambi: natulia, nafunga macho, kisha natoa malipizi. Malori yanayotoka Kasindi yakianza kulia vibaya kwenye gia, hayaulizi njia, yanakuja kwangu. Miaka kumi na minne sijakosea. (Nilikosea mara mbili. Ya kwanza lilikuwa kosa la mwenye gari. Ya pili mwenye gari alihamia Uganda, kwa hiyo haihesabiki.)

Basi Mama Kavira, yule muuza vitambaa wa hapa Beni, aliniita. Binti yake Masika anaolewa leo na mwalimu mmoja wa Oicha. Na arusi hii si arusi ya kawaida, maana imeshaahirishwa mara mbili. Mara ya kwanza mapigano yalifunga barabara, bwana arusi akabaki Oicha na suti yake mwilini. Mara ya pili ni watu wa huku waliokimbia, na walipozirudia sufuria zao walikuta wanajeshi wamekula keki, wameacha zile sanamu mbili za juu tu. Leo ndiyo mara ya tatu. Misa saa nne kamili. Na watu wa Oicha lazima wapite barrière ya wanajeshi ya kurudi kwao kabla ya saa tisa, kwa sababu baada ya hapo barabara si ya watu.

Safari hii Mama Kavira aliapa kwamba mtoto wake ataingia kanisani kwa heshima. Kaka yake, mwenye kusafiri Dubai, alikuwa amemtumia gari. Gari gani! Nyekundu, milango miwili, viti viwili, pua ndefu, chini karibu iguse udongo. Ni zile gari za mbio za zamani, za watu wa nchi zisizojua mashimo. Ilivuka Kasindi juu ya mgongo wa lori, imefungwa kamba sawa ng'ombe. Ina miaka mingi kuliko bibi arusi. Lakini ukiipiga kitambaa, inang'aa mpaka unajiona meno.

Saa moja asubuhi nikaingia katika parcelle, kiwanja cha nyumba ya Mama Kavira. Nilikuwa nimevaa suti yangu ya bluu. (Docteur haendi kwa mgonjwa na ovaroli siku ya arusi.) Familia yote ilikuwa uani: mama wakubwa, wajomba, kwaya nzima iliyoteremka jana kutoka Butembo, wote wameshavaa kitambaa kimoja cha kijani. Wakanifungulia njia. Nikaingia ndani ya gari, nikashika levier ya vitesse, ule mkono wa gia.

Ilikuwa inacheza. Si kucheza kidogo. Ungeweza kukoroga nayo ugali wa watu ishirini. Ukiiacha, inalala upande, sawa mlevi aliyepata ukuta.

Nikafunga macho. Nikasikiliza. 

"Mama Kavira," nikasema, "ugonjwa uko ndani ya boîte. Fourchette imekufa. Ile uma inayosukuma gia. Dawa yake ni moja: kushusha boîte."

"Siku ngapi?"

"Mbili. Tatu."

Mama Kavira akashika kichwa kwa mikono yote miwili. Kisha akasema neno ambalo mtu mwenye akili angelisikia:

"Lakini Docteur, vitesse zote zinaingia. Jana dereva wa lori aliishusha, akaitembeza mwenyewe mpaka hapa. Haikulia, haikuruka."

Nikatabasamu. (Nikilikumbuka lile tabasamu sasa, natamani kulipiga teke.)

"Mama, mgonjwa pia anatembea mpaka siku anaanguka."

Kwaya ikasema "Eeee!" Neno liliwapendeza sana. Mimi pia lilinipendeza. Nikalirudia.

"Ila usilie," nikaendelea. "Kwa leo nitaifunga. Itafika kanisani. Boîte tutaishusha Jumatatu. Neno la Docteur Boîte."

Nikatoa ile sketi ya ngozi inayozunguka levier, nikafungua skrubu nne, nikachungulia. Kule chini, kwenye mguu wa levier, nikaona kitu kidogo cha plastiki. Kama pete. Kimepasuka mara mbili, rangi yake sawa jino la mvuta tumbaku. Nikakichomoa kwa kidole.

"Mnaona? Uchafu," nikawaambia watu. "Gari za zamani zinakusanyaka uchafu."

Nikakitupa kwa kuku. Kuku mmoja akakichukua, akakimbia nacho, wenzake nyuma yake. Watu wakacheka. Mimi njo nilicheka zaidi.

Kisha nikakata kipande kirefu cha chambre à air, mpira wa ndani wa baiskeli, nikauzungushia mguu wa levier raba ile mara tano, nikaupigilia ndani kwa nyundo. Mambo yakaisha! Levier ikasimama wima sawa askari mbele ya bendera. Haichezi hata kidogo. Nikaijaribu mbele na nyuma, injini ikiwa imezimwa. Ngumu, lakini inaenda. Nikashuka, nikapangusa mikono. Mama mmoja akapiga vigelegele. Mjomba mkubwa, Papa Kambale, akaniambia, "Docteur, wewe ungelienda Ulaya."

Nikamwambia nimeshafikiri.

Mama Kavira akapanda moto, yaani pikipiki, akatangulia kanisani kupokea wageni. Saa tatu na nusu Masika akatoka nyumbani. Niwaambie kidogo juu ya huyu binti. Ni infirmière, muuguzi katika kituo cha afya. Amefunga vidonda vya kila aina katika vita hii, hashtuki ovyo, na sauti yake haipandi. Alikuwa mzuri mpaka ndege wakanyamaza. Robe, gauni lake la arusi, ilikuwa na mkia wa mita tatu. Tuliusukuma ndani ya gari polepole na shangazi zake wanne, mpaka gari yote ikawa nyeupe na mimi nikatokeza kichwa tu juu ya povu.

"Docteur, unaona njia?" akaniuliza.

"Njia inaniona mimi," nikajibu. (Sijui nilimaanisha nini.)

Kutoka ndani ya parcelle ilibidi kurudi nyuma. Nikaweka marche arrière. Ikaingia, kwa nguvu kidogo. Tukatoka vizuri mpaka katikati ya barabara. Pikipiki za msafara zikaanza kupiga honi, kwaya ikaanza kuimba. Nikakanyaga embrayage, yaani klachi, nikavuta levier kwenda gia ya kwanza.

Levier ikaja.

Yote. Na mguu wake. Mkononi mwangu. Sawa karoti ya Lubero siku ya mavuno.

Tukaitazama, mimi na bibi arusi.

"Docteur, ile ni nini?"

"Ni levier."

"Inatokaka?"

"Mara moja moja," nikasema. "Shika kidogo."

Akaishika. Mkono mmoja maua, mkono mwingine levier. Mimi nikaingiza vidole ndani ya lile tundu. Raba yangu ilikuwa imeteleza na kuzama, imeziba kila kitu. Na boîte? Boîte ilikuwa imebaki pale pale nilipoiacha. Katika marche arrière. Nikiinua mguu kidogo tu kwenye embrayage, gari inarudi nyuma. Nikikanyaga, inasimama. Mbele hakuna. Mbele imekwisha.

Jasho likaanza kunitoka. Beni si Butembo, huku jua la saa tatu ni kama la saa saba kwetu. Papa Kambale akagonga juu ya paa: "Docteur! Tuende! Padiri anangoja!"

"Ninaipasha moto!" nikapiga kelele.

"Docteur," Masika akasema polepole, "uniambie ukweli. Mimi ni infirmière, sisi tunazoea."

Nikamwambia. Haikuwa kazi rahisi, lakini nikamwambia.

"Twende kwa moto basi?" nikauliza.

Akatazama mkia wa robe, akatazama mnyororo wa pikipiki iliyokuwa karibu. "Hapana. Mwezi uliopita nilishona mtu ambaye nguo yake iliingia pale." Akanigeukia. "Gari hii inajua kurudi nyuma?"

"Vizuri sana."

"Basi muigeuze, turudi nyuma mpaka kanisani. Nimeahirishwa mara mbili, Docteur. Leo naolewa, hata kwa kisogo."

 Nikakanyaga embrayage, wanaume wanane wakaisukuma gari huku na huku mpaka matako yake yakaelekea kanisa na pua yake ikaelekea nyumbani. Nikawaambia watu kwamba ni kwa ajili ya hewa ya injini. Papa Kambale akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. (Papa Kambale ni mtu mwema sana.)

Tukaanza safari. Kilomita mbili kinyumenyume! Kioo cha nyuma cha gari zile ni kidogo sawa bahasha, na shangazi walikuwa wamekijaza maua. Ikabidi nitoe kichwa dirishani na kukigeuza mpaka shingo ikalia. Injini nayo ilikuwa inalia sawa mbuzi anayevutwa sokoni. Kwaya ilikuwa inatembea mbele ya pua yetu, inatutazama uso kwa uso, inaimba. Sisi tunarudi, wao wanakuja, kama wanatufukuza kwa nyimbo.

Sasa jambo ambalo sikulifikiria. Mtu aliye kando ya barabara anaona nini? Anaona gari ya arusi, na uso wake umeelekea kwao bibi arusi. Si kanisani. Mama mmoja muuza ndizi akafanya ishara ya msalaba, kisha akapiga kelele:

"Amekataa! Masika amekataa! Anarudi kwa mama yake!"

Neno likakimbia kutushinda. Kila kona tuliyofika lilikuwa limeshafika. Wanawake wameshika mashavu. Mzee mmoja akanifuata na fimbo: "Murudishe mutoto kanisani! Nani amekutuma kumuiba?"

"Ninamupeleka, papa!"

"Unamupeleka na mugongo?"

Masika alikuwa amejifunika wingu lake, lile shela la uso. Nilifikiri analia. Niliona mabega tu yanatikisika.

Hivyo ndivyo tulivyofika barrière.

Mnajua barrière za vita hii. Mti umelazwa juu ya barabara, kibanda cha nyasi, vijana na bunduki, na wewe unaanza kutafuta makosa yako hata kama huna. Mwanajeshi mmoja akatokea katikati ya njia.

"Halte!"

Nikasimama. Akaitazama gari nyuma. Akazunguka, akaitazama mbele. Akarudi kwangu.

"Wewe, unakuya ao unaenda?"

"Ninakuja, chef. Tunaenda kanisani."

"Kanisa iko huku. Sura yako iko kule."

"Ni kweli, chef."

Alikuwa anafikiri. Kisha akainama kutazama ndani, na macho yake yakamwangukia Masika. Au niseme mkono wa Masika. Kile chuma cheusi, na kile kichwa chake cha duara, kimetokeza juu ya maua.

"Nini wana?" akapiga kelele kwa Lingala. Hicho ni nini! Akaruka nyuma. "Grenade! Weka chini! Mikono juu!"

Nikasikia bunduki tatu zinasema neno moja. Kwaya ikakatika katikati ya Aleluya. Papa Kambale akalala chini na suti yake. Mimi mikono yangu ilikuwa juu zamani, sikumbuki nani aliipandisha. Nikawaza mke wangu. Nikawaza pia, Mungu anisamehe, kwamba nikifa hapa watu wa Butembo wataambiwa nilikufa nikirudi nyuma.

Masika hakuinua sauti.

"Ni levier ya vitesse. Ukitaka, chukua. Lakini mimi niko na haraka, baba."

Toka ndani ya kibanda akatoka adjudant, mkubwa wao. Mtu mzima, mpana, tauli shingoni, hindi la kuchoma mkononi. Alikuwa mtu wa Équateur, mbali kule mtoni, Kiswahili chake cha kuokota njiani. "Tika, tika," akawaambia vijana, waache. Bunduki zikashuka, nami nikazima injini nikashuka. Akaipokea levier kwa Masika kwa heshima, kama mtu anayepokea mtoto. Akautazama mguu wake. Akanusa. Akaanza kucheka.

"Nani ametengeneza hii?"

Hapa, ndugu zangu, njo nilipopotea. Ningesema "mimi" ingeisha. Lakini watu walikuwa wamejaa, na mimi ni Docteur.

"Ni fundi moja wa Butembo," nikasema. "Mimi ni chauffeur tu."

Masika akageuka akanitazama. Wingu halikuficha yale macho.

"Jina yake?"

"Sijui jina, mon adjudant. Mutu moja tu."

"Ni mujinga."

"Mujinga sana, mon adjudant."

"Alisema ugonjwa ni nini?"

"Fourchette ndani ya boîte."

"Fourchette!" Akacheka mpaka tauli ikaanguka. "Vitesse zote zilikuwa zinaingia?"

"Zote."

"Boîte ilikuwa inalia? Vitesse ilikuwa inaruka yenyewe?"

"Hapana."

"Basi boîte iko muzima! Ugonjwa iko huku juu, ku mguu ya levier. Iko kapete ya plastike. Ile ikiisha, levier inacheza. Minatengeneza malori miaka ishirini mbele ya kuvaa hii nguo. Hii hata chauffeur wa baiskeli anajua! Iko wapi kapete?"

"Fundi aliitupa kwa kuku," nikasema. (Kwa nini nilichagua kusema kweli hapo tu, sijui.)

"Kwa kuku!"

Vijana wa barrière nao sasa wakacheka, hata yule wa grenade. Papa Kambale, ambaye alikuwa amesimama anajipangusa vumbi, alifungua mdomo kutaka kusema kitu. Nikamkonyeza. Akaufunga. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikaona kazi inaenda vizuri, nikaongeza:

"Mafundi wa siku hizi, mon adjudant! Sikio hawana, maneno mingi. Ule, siku nitamuona na macho yangu, nitamupiga kofi!"

"Vizuri," adjudant akasema. "Hivyo njo mwanaume."

Pikipiki ikasimama kwa kishindo nyuma yangu. Alikuwa Mama Kavira. Habari ya binti aliyekataa ilikuwa imemfikia mlangoni mwa kanisa. Kitenge kimelegea, kilemba kimeenda upande.

"Docteur!" akapiga kelele. "Docteur Boîte! Umefanya nini motokari ya mutoto wangu? Si ulisema umeifunga? Si wewe uliapa?"

Vijana wote wakanigeukia.

Lile jina nitalisikia mpaka siku ya kufa. Kisha kutoka ndani ya gari sauti ikapasuka: Masika anacheka. Anacheka mpaka anapiga mlango kwa maua. Kumbe njia yote ile mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Adjudant akanitazama toka viatu mpaka kichwa. Akaweka hindi lake juu ya paa ya gari, polepole.

"Docteur," akasema. "Wewe ulisema, siku utamuona, utamupiga kofi."

"Mon adjudant..."

"Njo huyu. Umemuona. Piga."

Nikajipiga kofi. Kofi dogo, la adabu.

"Minasikia hapana."

Nikajipiga tena. Safari hii lilisikika mpaka kwa wale wa nyuma, maana kwaya yote ilisema "Eeee!" (Ile ile "Eeee" ya asubuhi. Siipendi tena.)

Mlidhani imeisha? Nami nilidhani. Lakini adjudant alikuwa mwalimu kweli. Akatuma kijana alete bidoni ya njano ya plastiki iliyopasuka. Akakata kipande kwa kisu cha bunduki, akakipasha juu ya makaa ya mahindi mpaka kikalegea, akakizungusha kwenye mguu wa levier, akakimwagia maji. Pete mpya! Kisha akanipigisha magoti kando ya gari, akaniambia nivute kile nilichoweka. Nikavuta ile raba. Ikatoka polepole, ndefu, nyeusi, sawa mnyoo. Akaishika juu watu wote waione.

"Hii ni nini?"

"Chambre à air."

"Ya nini?"

"Ya baiskeli."

Akafunga macho kwa uchungu. Kisha akasema: "Sasa wewe rudilia. Levier ikicheza na vitesse zinaingia..."

"Levier ikicheza na vitesse zinaingia..."

"...boîte iko muzima!"

"...boîte iko muzima."

"Tena!"

Nikarudilia mara ya pili, mikono yangu ikiwa ndani ya tundu, suti yangu ndani ya vumbi. Mara ya tatu sikuwa peke yangu. Mama Kanyere, mwalimu wa kwaya, ni mtu ambaye ukimwambia neno mara mbili kwa sauti ya juu, yeye anadhani ni kiitikio. Akainua mkono. Kwaya ikaitika: "Boîte iko muzimaaa!" Sauti ya kwanza, ya pili, na wale wanaume wa besi nyuma. Na kusema haki, ilikuwa nzuri.

Levier ikaingia. Tak! Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, laini kama kisu ndani ya avoka. Haichezi. Adjudant akafungua mti, akampigia bibi arusi saluti. Mimi hakunipigia.

Wanaume wakatugeuza, tukaenda mbele. Mbele! Saa nne na dakika arobaini tukafika kanisani. Mwalimu wa Oicha alikuwa amesimama mlangoni na uso wa mtu aliyekwisha kukataliwa, maana kule pia neno la muuza ndizi lilifika. Alipoona pua nyekundu inapanda kilima, na Masika nyuma ya kioo, aliuachia mlango. Akakaa juu ya ngazi akalia kama mtoto, mbele ya wakwe.

Masika akashuka, mita tatu za robe nyuma yake. Akamshika mkono.

"Simama," akamwambia. "Nimekuja. Usichafue suti, ni ya kuazima."

Hapo hata mimi nilisahau haya yangu kwa dakika moja. Watu wamekimbia, wamezika, wamerudi, na bado mtu mmoja alikuwa mlangoni anangoja mwingine. Mngewaona mngenyamaza.

(Dakika moja tu. Padiri alipofika kwenye mahubiri akasema kwamba anayeshika jembe asitazame nyuma, na kanisa zima likaanza kukohoa.)

Wageni wa Oicha wamepita barrière saa nane, na adjudant hakuwauliza hata karatasi. Sasa yuko kwenye karamu, Mama Kavira amemualika, amepewa kiti changu karibu na Papa Kambale. Nimemuona Papa Kambale anamwambia adjudant kwamba yeye angelienda Ulaya. Mimi nilipita kuwasalimu maarusi, nikawaomba msamaha. Masika akanishukuru. Akasema tangu vita ianze hajawahi kucheka hivyo. Basi nimelipokea kama malipo ya kazi, nikaja hapa kuwaandikia.

Funzo lipo. Levier ikicheza, tazama kwanza juu kabla ya kuhukumu chini, na mama mwenye gari akikwambia vitesse zinaingia, msikilize.

Mengine yote nawaomba msicheke. Kama mmeshacheka, acheni hapo. Adhabu yangu bado inaanza: kesho baada ya misa ya asubuhi napanda kurudi Butembo, na lori ni moja tu, na mle ndani tuko mimi na kwaya nzima. Wimbo wameshaupanga kwa sauti nne.